Mgongo wa Mtoto Usingoje

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nasi twasema: mgongo wa mtoto unyooshwe angali anakua.

Katika vijiji vyetu vingi, mtoto aliyepinda mgongo huitwa kibyongo, hufichwa ndani, na wazee humtafuta mchawi. Huo ni ujinga unaolemaza. Mgongo unaopinda upande mara nyingi hauna sababu ijulikanayo, wala si laana. Nundu nyingine huletwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika kwa dawa.

Mzazi au mwalimu amwinamishe mtoto, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, apelekwe zahanati. Mpindo wa nyuzi 25 hadi 40 kwa anayekua huweza kuzuiwa kwa mkanda mgumu. Ukizidi 50, kwa kawaida huhitaji upasuaji wa kuunyoosha kwa vyuma na skrubu. Mtu mzima naye hupasuliwa, ila mgongo wake umekwisha kukakamaa na kazi huwa nzito zaidi.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996, hupasua uti wa mgongo. Lakini kutoka Bisibo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Mkulima hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zikague migongo mashuleni kila mwaka, na ziwasaidie nauli wanaopewa rufaa. Utu wa mtoto wa kijijini si mdogo kuliko wa mtoto wa mjini.