Usiache Maji Yapite Langoni Mwako

Ndugu mkulima,

Hebu kumbuka kiangazi kilichopita. Je, watu wa nyumbani kwako waliteka maji wapi? Kama shamba lako liko pande za Ngoliba, Gatuanyaga au Munyu, chini ya mji wa Thika, au katika nyanda za Ruiru zielekeazo mto Athi, labda waliamka kabla ya jua wakaenda mtoni na mitungi. Au labda mlinunua maji kwa mwenye mkokoteni wa punda.

Sasa kumbuka usiku ule mvua kubwa iliponyesha. Maji yalipita uani, yakachukua udongo mzuri wa shamba lako, yakaingia barabarani, yakaenda zake. Maji yale yalikuwa yako, nawe hukuyalipia hata senti moja. Miezi miwili baadaye ukatoa fedha kununua maji mengine. Huo ni uchumi wa namna gani?

Shida yetu si kwamba mvua hainyeshi kabisa. Shida ni kwamba huja kwa haraka na kuondoka kwa haraka: masika kutoka Machi hadi Mei, na vuli kutoka Oktoba hadi Desemba. Tena siku hizi huwezi kuitegemea. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Yule asiye na akiba alipata hasara kubwa.

Mtu atasema, "Lakini mito ya Thika, Chania na Ruiru iko hapa kwetu." Ni kweli, lakini mito hiyo ina wenyewe wengi. Bwawa la Ruiru lilijengwa karibu mwaka 1950 ili Nairobi ipate maji. Bwawa la Ndakaini, katika mto Thika, lilimalizika mwaka 1994, nalo laweza kushika mita za ujazo milioni 70, nyingi zikienda Nairobi. Bwawa la Karimenu huko Gatundu lilifunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya Ruiru, Juja na Gatundu. Kazi hizi ni kubwa na za maana, lakini maji yake ni ya mabomba, si ya kunyweshea mahindi yako. Hapana budi uanze nyumbani mwako.

Anza na paa

Shika hesabu hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina paa la mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 20 kwa usiku mmoja yatoa lita 1,200. Toa sehemu ya tano kwa yale yanayomwagika, bado una lita 960, yaani karibu mapipa matano makubwa.

Kama msimu mzima utaleta milimita 300, paa hilo litakupa lita 14,400. Nyumba inayotumia mitungi mitano ya lita 20 kila siku yaweza kukaa zaidi ya miezi minne kwa maji hayo. Usikate tamaa kama huna fedha za tangi kubwa. Weka gata upande mmoja wa nyumba na tangi dogo. Mavuno yakija, ongeza. Maji ya kwanza ya msimu yaache yaoshe paa. Funika tangi vizuri ili mbu wasizae ndani.

Zuia maji shambani

Tangi kubwa kuliko yote ni udongo wenyewe. Chimba mitaro ya fanya juu: mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, ukikingama na mteremko, na udongo wake utupwe upande wa juu. Panda majani ya ng'ombe juu ya tuta hilo. Maji yatasimama na kuzama badala ya kukimbia. Majirani zetu wa Machakos wameiona faida yake kwa miaka mingi.

Najua wazee wengine hawapendi kusikia habari za mitaro. Mwaka 1947 na 1948 akina mama wa Murang'a walikataa kuichimba, kwa sababu serikali ya kikoloni iliwalazimisha. Walikuwa na haki ya kuchukia kulazimishwa. Lakini leo shamba ni lako, na faida ya mtaro ni yako.

Utashangaa ukisikia kwamba hata jangwani watu wamelima hivyo. Zamani sana, Wanabatea waliishi katika jangwa la Negev, mahali ambapo mvua ya mwaka ni kama milimita 100 tu. Walielekeza maji ya vilima katika vishamba vidogo vya bondeni. Mwaka 1959 mtaalamu Michael Evenari na wenzake walianza kulitengeneza upya shamba moja la namna hiyo pale Avdat, nalo likazaa. Kila eka iliyopandwa ilipata maji ya kama eka 20 za kilima kitupu. Sisi, hata pakavu petu pa Thika, twapata mvua kupita hiyo mara kadhaa. Basi maji ya barabara na ya mwamba yaelekeze kwenye migomba, miembe na mashimo ya majani ya ng'ombe.

Bwawa dogo

Bwawa lenye mdomo wa mita 10 kwa 6, kina cha mita 2 na kuta zilizolala, hushika zaidi ya lita 60,000. Kama udongo wako hunywa maji, tandika karatasi nzito ya plastiki. Kumbuka jua ni mwizi: likila milimita 5 kwa siku, bwawa hilo hupoteza lita 300, yaani mitungi 15. Kwa hiyo lichimbe refu kwenda chini kuliko kulipanua, na ulitilie kivuli.

Zungushia ua imara kabla maji hayajaingia. Mtoto akiteleza juu ya plastiki hawezi kupanda tena. Wala usijenge ukuta mkubwa wa udongo bila mtaalamu na bila kibali cha mamlaka ya maji. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai, karibu na Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Na ukichimba kisima kirefu, maji yapimwe kabla ya kunywewa, kwa maana baadhi ya visima vya Kiambu na Nairobi vina madini ya floraidi yanayoharibu meno ya watoto.

Gawaneni kwa zamu

Mkiwa na mfereji mmoja watu wengi, ugomvi hauko mbali. Wa juu hunywesha mchana na usiku. Wa chini huona matope tu. Jifunzeni kwa watu wa Oman. Huko maji ya falaji hugawanywa kwa muda: kila mwenye haki ana saa zake, na zamani walizipima kwa kivuli cha jua na kwa nyota. Hapa Kenya Wamarakwet nao wana mifereji ya tangu zamani katika bonde la Kerio, na hukutana kupanga zamu na kuitengeneza. Fanyeni vivyo hivyo. Andikeni zamu kabla ya kiangazi, maana wakati wa kiu hakuna anayesikiliza.

Usipoteze ulichonacho

Tandaza majani makavu chini ya mimea. Nywesha jioni au alfajiri. Mboga za kuuza zinyweshwe kwa bomba la matone, ambalo hutia maji penye shina tu. Panda mbegu za muda mfupi kama mahindi ya Katumani, pamoja na kunde na mbaazi.

Ndugu mkulima, maji yakimwagika hayazoleki. Kabla mvua haijaanza, zunguka shamba lako na jembe mkononi. Tazama maji yaliingilia wapi mara ya mwisho na yalitokea wapi. Pale yalipotokea, ndipo pa kuanza kuchimba. Ukikwama, mwite Bwana au Bibi Shamba wa kata yako, aje na kamba na pima-maji akuonyeshe mstari. Mvua ijayo ikifika, na ikukute tayari.