Nyongo, Lehemu na Gilasi ya Ikivuguto

Mtu ashukaye kilima cha Rebero, kusini mwa jiji la Kigali, akaingia katika duka mojawapo la kunywea maziwa, aghalabu huletewa gilasi kubwa ya ikivuguto, yaani maziwa yaliyochachuka yakaganda, naye akayanywa kwa kiu tu, asijue kwamba viumbe wasioonekana waliomo humo wana jamaa zao matumboni mwetu, wenye kazi inayogusa hata lehemu iliyomo damuni.

Lehemu hiyo, iitwayo pia kolesteroli, ndiyo malighafi ya ini katika kutengeneza chumvi za nyongo, ambazo humiminwa katika utumbo mdogo kila ufikapo mlo wenye mafuta, zikayavunja mafuta hayo kuwa matone madogo mfano wa sabuni ndani ya sufuria. Kazi ikiisha mwili hauzitupi: takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurejea inini, na kwa iktisadi hiyo lehemu mpya inayohitajika ni kidogo.

Lakini baadhi ya bakteria, wakiwemo Laktobasila na Bifidobakteria, wana kimeng'enya kinachokata, ndani ya chumvi hizo, kifungo baina ya asidi ya nyongo na glisini au taurini iliyounganishwa nayo. Na asidi iliyofunguliwa hivyo, kwa kuwa haifyonzwi kwa wepesi kama kwanza, sehemu yake hutoka na choo, na ini, ili kufidia hasara, huteka lehemu kutoka damuni.

Mwaka 1974 George Mann na Anne Spoerry, tabibu aliyewafikia wagonjwa wa Kenya kwa ndege, walieleza habari za Wamasai waliokunywa maziwa ya mgando kwa wingi wakanenepa, ilhali lehemu yao ilipungua. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba upunguo huo kwa kawaida ni mdogo, tena hutegemea aina ya bakteria. Na wako bakteria wengine wageuzao asidi za nyongo kuwa dioksikoliki, ambayo ikizidi hushukiwa kuchangia saratani ya utumbo mpana.

Kwa hiyo aliyeandikiwa dawa ya kupunguza lehemu na asiiache kwa ajili ya gilasi. Bali aiweke gilasi hiyo, bila sukari, kando ya sahani ya maharagwe, chakula cha kila siku cha Wanyarwanda, ambayo nyuzinyuzi zake hunasa chumvi za nyongo na kuwalisha bakteria wenyewe, kwani siha ya tumbo hujengwa na mlo unaorudiwa kila siku.