Chakula Kisichongoja

Anayesoma habari za chakula cha mitaani cha India hukutana kwanza na viungo: bizari, giligilani, pilipili, ukwaju, chumvi nyeusi yenye harufu ya yai. Vipo kweli, tena kwa wingi. Lakini vimo pia katika majiko ya nyumbani na ya hoteli kubwa za nchi ile, na bado tajiri wa Delhi mwenye mpishi wake hutoka jioni akaenda kusimama kando ya mkokoteni. Anachofuata ni kitu ambacho nyumba na hoteli haziwezi kumpa kwa urahisi: chakula kinachomaliziwa mbele ya macho yake, kwa ajili yake, na ambacho kikishamaliziwa hakina hata dakika tano za kusubiri. Kazi ndefu ya kuloweka, kuchemsha, kusaga na kukaanga imeshafanyika tangu alfajiri. Barabarani limebaki tendo la mwisho tu. Raha yenyewe imo katika tendo hilo, na ndiyo maana kazi yote huonekana rahisi kuliko ilivyo.

Panipuri ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko yote. Ni kidonge cha unga wa ngano kilichokaangwa kikafutuka, kikavu na chembamba, kitupu ndani, ukubwa wake wa kuenea mdomoni. Muuzaji hukitoboa kwa kidole gumba, akatia kiazi kilichopondwa na dengu za kuchemsha, akakizamisha kwenye chungu cha maji yenye mnanaa, ukwaju na pilipili, akakiweka katika kibakuli cha majani makavu kilicho mkononi mwa mteja. Tangu kiguse maji kimeanza kulainika. Hakiumwi nusu, maana maji yote yataishia kifuani. Huingia mdomoni chote kwa mara moja, kikapasukia humo, na kabla hujamaliza kutafuna kingine kimeshatua. Wateja watano au sita huzunguka mkokoteni wakipewa kwa zamu, na muuzaji anajua kichwani nani amekula vingapi na nani aliomba pilipili ipunguzwe. Mwisho mteja hudai kimoja kikavu cha bure, na hupewa. Anayekinyima hajui biashara. Jina hubadilika, Delhi golgappa, Kolkata phuchka, na ujazo nao hubadilika, kwani Mumbai hutia njegere nyeupe za moto. Sharti la kula papo hapo halibadiliki popote.

Bhelpuri ya ufuo wa Chowpatty, Mumbai, inafuata kanuni hiyo hiyo. Bisi za mchele, tambi nyembamba za dengu, kitunguu, kiazi na embe bichi hukorogwa haraka na chatne mbili, tamu ya ukwaju na kali ya giligilani. Ikikaa robo saa imekuwa uji wa baridi. Makampuni ya vitafunwa yalipotaka kuiuza dukani yalilazimika kutenga chatne katika vipakiti vyake ili mnunuzi achanganye mwenyewe saa ya kula, yaani hata kiwanda kimekiri kwamba tendo la mwisho haliwezi kufungiwa. Sambusa ni kinyume chake. Msafiri Ibn Battuta aliikuta kwenye karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq mjini Delhi katika karne ya 14, imejazwa nyama, lozi na vitunguu, na tangu hapo imekuwa kitafunwa cha kustahimili: hukaa kwenye sanduku la kioo kutwa nzima na bado inalika. Sidhani ni bahati tu kwamba sambusa, bajia na chevda zimeenea Afrika Mashariki hadi hakuna anayeuliza zilitoka wapi, na kwamba batata vada ya Mumbai inajulikana Mombasa na Unguja kama kachori, huku panipuri ikibaki zaidi kwa Wahindi wenyewe. Ubishi mzuri dhidi yangu ni urojo wa Zanzibar, ambao huungwa bakulini mbele ya mlaji, bajia juu ya kiazi, chatne juu ya mchuzi. Lakini urojo unanisaidia kuliko kunipinga: ndio ndugu wa karibu kabisa wa vyakula hivyo vya India, na nao ukiubeba nyumbani kwenye mfuko unafika umeshachoka.

Mwingine atasema kuwa huku ni kuupamba umaskini, kwamba watu hula wamesimama kwa sababu hawana pa kukaa wala muda wa kukaa. Ana haki yake. Vadapav, yaani kachori ya kiazi ndani ya mkate laini ambao jina lake ni la Kireno, na chatne kavu ya kitunguu saumu, ilipata umaarufu nje ya kituo cha treni cha Dadar, Mumbai, katika miaka ya 1960. Ashok Vaidya ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wake. Miongoni mwa walaji wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, watu wenye dakika chache kati ya zamu na treni. Mgomo wao mkubwa wa 1982 ulioongozwa na kiongozi wa wafanyakazi Datta Samant uliposhindwa na viwanda vikafungwa, baadhi ya waliokosa kazi waligeuka wauzaji. Kwa hiyo haraka ile ilianzishwa na saa ya kiwanda. Hata hivyo, hilo linaeleza chanzo tu, halielezi kwa nini ofisa wa benki naye leo hupanga foleni moja na mchukuzi wa mizigo, wote wakilipa rupia zilezile chache. Tena katika jamii ambayo kwa karne nyingi ilipima nani anaweza kula kutoka mkono wa nani, foleni hiyo si jambo dogo. Desturi za matabaka zilikuwa na ulegevu kidogo kwa vyakula vilivyokaangwa kwa samli kuliko vilivyochemshwa kwa maji, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya karai kutawala barabara za India hivi.

Pingamizi la nihari ni zito zaidi. Mchuzi huu wa nyama unaouzwa karibu na msikiti wa Jama Masjid, Delhi, hupikwa usiku kucha na huliwa asubuhi. Umengoja kuliko chakula chochote. Ila kungoja kwake ni kabla ya mlaji kufika. Akishafika, tangawizi mbichi, pilipili na ndimu hutupiwa juu, mkate hutolewa tanuuni, na sufuria ikiisha imeisha, aliyechelewa arudi kesho.

Limebaki la usafi, na hapa sioni sababu ya kuficha. Mafuta yanayochemka huua vijidudu, lakini maji ya panipuri hayajachemshwa mbele ya mtu, na mwaka 2024 wakaguzi wa jimbo la Karnataka walipata rangi hatari katika sampuli kadhaa za panipuri. Wapo wanaotaka dawa iwe kuhamishia yote kwenye majumba ya biashara, kwa glavu na maji ya chupa. Hiyo inaondoa ugonjwa pamoja na bei nafuu, na bei hiyo ni nusu ya raha. Njia yenye akili zaidi ni ile ya kumwacha muuzaji alipo na kumsimamia: sheria ya wachuuzi ya 2014 inataka kamati za miji ziwe na wachuuzi wenyewe angalau asilimia 40, na eneo la Ziwa Kankaria, Ahmedabad, lilipewa cheti cha usafi mwaka 2018 likiwa bado ni la vibanda. Utekelezaji wa sheria hiyo unasuasua katika miji mingi, na polisi bado hufukuza.

Mgeni anayetaka kuona haya yote kwa pamoja aende Indore, kwenye soko la Sarafa. Mchana ni mtaa wa masonara. Maduka ya dhahabu yakianza kufunga baada ya saa mbili usiku, wauzaji hutandaza majiko mbele ya milango hiyo hiyo: mahindi yaliyokunwa na kupikwa kwa maziwa, viazi vikuu vya kukaanga, jalebi kubwa kama sahani. Watu hula hadi saa saba, saa nane za usiku, na kwa muda mrefu masonara waliridhia, maana mlango wenye watu mia mbele yake hauvunjwi. Asiende saa kumi jioni. Atakuta bangili tu.