Hatari Zina Undugu

Barabara itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita Arua na Koboko na kukoma Oraba, mlangoni mwa Sudan Kusini. Urefu wake ni kilomita 92, nayo hubeba riziki ya jamaa nyingi: maharagwe, unga wa muhogo, samaki wakavu, sabuni na nguo. Mume yumo kambini au katika kituo cha polisi. Mke yuko sokoni. Mshahara wa mmoja na faida ya mwingine hukutana katika chama cha akiba na mikopo. Wengi huziona hizo kuwa nguzo tatu zilizosimama mbalimbali, kwamba moja ikianguka mbili zitabaki. Mwaka 2016 ulifundisha vingine.

Mwezi wa Julai mwaka huo mapigano yalizuka upya mjini Juba, na wafanyabiashara wa Uganda wakarudi mbio, wengi wakiacha mali nyuma. Hasara ya namna hiyo haikomei kwa mwenye duka. Aliyekopa ili apeleke bidhaa Juba hushindwa kulipa. Chama kisicholipwa hukosa fedha za kukopesha. Na askari ambaye hakuvusha hata gunia moja mpakani huambiwa asubiri, ilhali karo ya mtoto inatakiwa Jumatatu. Kumbe nguzo zote tatu zilisimama juu ya barabara moja.

Tena hatari haiji na bunduki kila mara. Mwezi wa Desemba 2015 thamani ya pauni ya Sudan Kusini ilianguka ghafla, na aliyeuza kwa fedha hiyo akaona faida yake ikiyeyuka mkononi. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, na magari ya Kampala kuja Arua yakalazimika kuzunguka. Mambo hayo matatu hayafanani, lakini yote hubisha hodi katika nyumba ile ile.

Kuzitazama hatari zote kwa pamoja, badala ya kuiachia kila ofisi yake, ndiyo elimu inayohitajiwa leo na mabenki, mashirika na serikali. Maofisa wa Tanzania huiita usimamizi wa vihatarishi. Kanuni zake za kimataifa, ziitwazo ISO 31000, zilitolewa mwaka 2009 na kusahihishwa mwaka 2018. Kwa mujibu wa kanuni hizo, hatari ni athari ya kutojua yajayo juu ya lengo ambalo mtu amejiwekea. Kwa hiyo asiye na lengo hawezi kupima hatari. Na yajayo yaweza kuleta heri pia, kama vile soko jipya lisilotazamiwa.

Kazi yenyewe huanzia katika daftari. Kila hatari huandikwa kwa jina, pamoja na chanzo chake. Uwezekano wa kutokea hupewa alama kutoka 1 hadi 5, na ukubwa wa madhara vivyo hivyo; alama hizo huzidishwa, na hatari yenye 20 hushughulikiwa kabla ya ile yenye 6. Kisha huchaguliwa njia moja kati ya nne: kuiepuka, kuipunguza, kuigawana na mwingine kama vile kwa bima, au kuikubali kwa macho mawili. Mwisho huandikwa jina la mwenye dhamana na tarehe ya kuitazama tena. Hatari isiyo na mwenyewe haina mlinzi.

Askari hatashangazwa na hayo. Ajuaye lindo, doria na kikosi cha akiba amekwisha jua nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi: kusimama mbele ya halmashauri ya chama na kusema kwamba mikopo mingi mno imeelekezwa katika njia moja, hata kama mwaka huu njia hiyo inaleta faida nono.

Kwa anayetaka kuufanya ujuzi huo kuwa kazi ya maisha, milango ipo. Institute of Risk Management ya London, iliyoanzishwa mwaka 1986, hutoa cheti cha kimataifa chenye sehemu mbili, misingi na utekelezaji, nacho husomwa kwa mbali bila kuacha kazi. Juu yake kuna diploma. Kwa watu wa mabenki, chama cha GARP hutoa hati ya FRM: mitihani miwili, wa kwanza wa maswali 100 na wa pili wa maswali 80, pamoja na miaka 2 ya kazi inayohusiana na fani hiyo. Asiye na msingi wa hesabu afadhali aanze na mitihani ya chama cha wahasibu wa Uganda, ICPAU, kilichoundwa mwaka 1992.

Nafasi za kuutumia ujuzi huo haziko mbali. Wanajeshi wana chama chao cha Wazalendo tangu mwaka 2005, na sheria ya mwaka 2016 iliweka mamlaka ya kusimamia taasisi ndogo za fedha nchini. Penye akiba za watu wengi panahitajiwa mtu wa kuuliza, “Je, ikiwa sivyo?”

Hata hivyo, mwenye kutafuta hati hiyo naye aandike daftari lake. Ada hulipwa kwa fedha za kigeni, na shilingi yaweza kushuka kabla ya mtihani wa pili. Umeme wa West Nile kwa miaka mingi haukuwa wa kutegemewa. Afanyaye mtihani kwa kompyuta na ajue mapema atakimbilia wapi taa zikizimika. Tena ajihadhari na matapeli wauzao vyeti bila mtihani. Kabla ya kulipa, aulize chama chenyewe kinachotoa hati, wala asitosheke na maneno ya wakala.

Wala si lazima kungoja cheti. Jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mume na mke waketi na kuorodhesha kila mahali fedha zao zinapotoka, na kando ya kila jina waandike njia inayozileta. Barabara moja ikijirudia mara tatu, hapo ndipo pa kuanzia. Mke aweza kutafuta bidhaa moja inayouzwa Arua penyewe. Mume aweza kuweka akiba ya karo mbali na mtaji wa soko. Siku mpaka utakapofungwa, mtoto wao ataendelea kwenda shule.