Kukata gogo kubwa kwa musumeno mufupi

Mulimaji, upepo umeangusha muvule katika shamba lako. Gogo limelala juu ya mihogo na kuziba njia ya mutoni. Upana wake ni santimetre 100. Musumeno wa motere ulioazima una ulimi (ndicho chuma kinachobeba munyororo) wa santimetre 40 tu. Je, kazi haiwezekani? Inawezekana, lakini si kwa haraka.

1. Tazama kwanza gogo lilivyolala. Kama limeegemea huku na huku na katikati ni wazi, upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Kama ncha yake inaning'inia, ni kinyume. Anza kukata upande unaobanwa, kidogo tu. Maliza kwa upande unaovutwa. Ukigeuza, musumeno utashikwa ao gogo litapasuka kwa nguvu.

2. Usiwaache watoto karibu na kisiki. Mizizi ikiwa ingali na udongo wake, shina likikatwa kisiki chaweza kusimama tena kwa gafula na kufunika mutu.

3. Chimba udongo chini ya pahali utakapokata. Munyororo ukigusa muchanga mara moja, meno yanakufa. Ondoa na maganda yenye matope. Tena ujue: ndani ya muvule munapatikana mara nyingine mawe meupe yaliyoota katika mbao. Ukiona cheche ao unga mwembamba sana, simamisha motere, tazama, noa meno.

4. Sasa hesabu. Toka ubavuni hata katikati ni santimetre 50. Ulimi unafika 40. Basi, kwa kila ubavu toa kwanza pengo la kina cha santimetre 15, pana kupita mwili wa mashini: kata mara mbili, kisha ubandue mbao kwa shoka. Ingiza mashini ndani ya pengo: 15 na 40 ni 55. Kata ubavu wa kwanza, halafu wa pili; njia mbili zitakutana katikati.

5. Njia ikifunguka, pigilia kabari za mbao ngumu nyuma ya ulimi ili isifunge. Usitumie kabari za chuma hapo: zitavunja munyororo.

Angalia sana ncha ya ulimi. Sehemu yake ya juu ikigusa mbao, musumeno unaruka kuelekea uso wako. Shika kwa mikono miwili, usiinue kupita mabega. Katika mutelemuko, simama upande wa juu, kwani gogo likikatika linabingirika.

Ukiona moyo wa gogo bado unakushinda, acha musumeno. Chukua nyundo na kabari, pasua gogo kwa urefu wake kama kuni. Siku mbili za nyundo ni bora kuliko muguu mumoja.