Miguu Iliyokataa Viatu

Nilishuka basi mjini Isiolo alfajiri, nikitokea Moyale, viatu vyangu mkononi kama mtu anayeingia msikitini. Miguu ilikuwa imefura, na kila nilipoibonyeza kwa kidole kilibaki kishimo.

Shangazi yangu, ambaye huuza maziwa ya ngamia sokoni, aliitazama akatikisa kichwa. "Umekanyaga kitu huko, mwanangu." Jirani yake akasema ni chumvi nyingi. Kila mmoja alikuwa na lake, na mimi nilitaka pa kulala tu.

Nililala chali, miguu juu ya gunia la maharagwe. Kufikia adhuhuri viatu viliingia. Uchawi gani huo unaoondolewa na gunia?

Msomaji, mambo ni hivi. Damu hushuka miguuni kwa urahisi, kazi ni kuirudisha. Moyo uko mbali, na vena hazina nguvu zake. Kinachoisukuma damu juu ni nyama ya shavu la mguu: ukipiga hatua inazikamua vena, na vilango vidogo vilivyomo ndani yake huizuia damu isirudi chini. Mtu mzima akisimama wima bila kutikisika, shinikizo katika vena za wayo hufika milimita 90 hivi za zebaki. Akianza kutembea, hushuka hadi 30 hivi. Sasa mketishe kwenye kiti cha basi, magoti yamekunjwa, nyayo zimetulia, mwendo wa kilomita 500 hivi. Pampu imelala. Maji ya damu yanapenya na kutuama vifundoni.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya lori la ng'ombe, abiria wameng'ang'ania vyuma vya juu, wakijikaza kwa miguu kila kishimo. Siisifu, wengi waliumia. Lakini tangu lami ilipofika Moyale katika miaka ya 2010, tunaketi kama magunia.

Basi, wiki iliyofuata nikamkuta shangazi anakanda mguu wake kwa samli. Alikuwa ametoka kulala siku nyingi kwa homa, kisha akarudi sokoni kukaa juu ya debe tangu asubuhi hadi jioni. "Ni kama wako," akaniambia, "nao nitauweka juu ya gunia."

Haukuwa kama wangu. Yangu ilifura yote miwili, bila maumivu. Wake ulikuwa mmoja, wa kushoto, shavu limekaza, la moto, na kulishika tu alipiga yowe. Nikamwambia, "Shangazi, acha kukanda, twende hospitali." Tuligombana, maana maziwa huharibika. Mwishowe mtungi ukaachiwa jirani.

Daktari alikuta bonge la damu limeganda ndani ya vena. Bonge la namna hiyo likikatika husafiri hadi kwenye pafu, na hapo mtu huweza kufa ghafla. Akampa dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, watu walilala wameketi vitini katika mahandaki usiku kucha. Daktari Keith Simpson aliandika katika jarida la Lancet kwamba baadhi yao, hasa wazee, walikuwa wakifa kwa mabonge ya damu mapafuni. Bomu halikuwagusa.

Shangazi amerudi sokoni. Debe bado lipo, lakini mteja akija sasa husimama kumpimia, na akikosa wateja hujipeleka mwenyewe hadi kwa muuza miraa na kurudi, akilalamika njia nzima. Akiketi huinua visigino na kuvishusha, kama mwanamke anayeshona kwa cherehani ya miguu. Wenzake walimcheka. Majuzi niliwaona wawili, mmoja ni yule jirani wa chumvi, nao wakishona cherehani isiyokuwepo.