Kwa Nini Daktari Anasoma Miaka Mingi?

Watu wengi hapa Shabunda huuliza: "Kijana yule alikwenda Bukavu kusoma udaktari, mbona harudi? Je, kutoa dawa na kupiga sindano ni kazi ya kusomewa miaka mingi hivyo?" Swali hili ni jema. Tuone anajifunza nini huko.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, hapakuwa na Mkongo aliyekuwa daktari kamili. Palikuwa na wauguzi na wasaidizi wa madaktari, na baadhi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo. Leo udaktari unafundishwa Bukavu kwetu, kama katika Université Evangélique en Afrique, na wanafunzi wake hufanya mazoezi katika hospitali ya Panzi.

1. Mwili wenye afya

Mwanafunzi hapewi mgonjwa mara moja. Kwanza anajifunza kemia, elimu ya viumbe, na jinsi mwili ulivyojengwa. Mtu mzima ana mifupa 206, naye lazima aijue kwa majina, pamoja na mishipa na viungo vya ndani. Anajifunza pia kazi ya kila kiungo: moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na figo husafisha damu. Fundi asiyeijua saa nzima atatengenezaje iliyoharibika?

2. Ugonjwa na dawa

Kisha anajifunza mambo yanayoharibu mwili. Kwa mikroskopi anaona vijidudu vya malaria katika tone la damu. Anajifunza kipimo cha dawa kwa uzito wa mtu. Kinini huponya malaria, lakini ikizidi huweza kudhuru masikio na moyo.

Tena anajifunza kwamba homa si ugonjwa mmoja. Yaweza kuwa malaria, au tifoidi, au nimonia, au ugonjwa wa uti wa mgongo. Na dawa zake si moja. Hapo ndipo hatari ya mtu anayetembeza sindano kijijini: anajua jina la dawa, lakini hajui jina la ugonjwa.

3. Mgonjwa mwenyewe

Sasa anafika kitandani. Anafundishwa kuuliza, kutazama, kupapasa, kugonga kwa vidole, na kusikiliza. Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria, aliandika habari za kugonga kifua mwaka 1761: kifua chenye maji hakitoi sauti kama kifua chenye hewa. Kifaa cha kusikilizia moyo kilibuniwa na Laennec, Mfaransa, mwaka 1816.

Anapita zamu katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi, mchana na usiku, akisimamiwa na madaktari wakubwa.

Hata baada ya hayo, kusoma hakuishi. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alisoma udaktari Burundi, kisha akafanya kazi Lemera. Alipoona mateso ya akina mama katika kuzaa, alikwenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya amani ya Nobel.

Sehemu yako, msomaji

Elimu hiyo yote haifai kitu mgonjwa akificha. Daktari akikuuliza, sema kweli: umeugua siku ngapi, ulikunywa majani gani, ulinunua vidonge gani sokoni. Usione haya, hakuulizi ili akuhukumu.

Mwanafunzi akija pamoja na mwalimu wake kukupima, una ruhusa ya kukataa. Lakini ukikubali, unamfundisha daktari atakayemtibu mjukuu wako.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akipenda hesabu na sayansi, mwacheni asome, awe wa kiume au wa kike. Njia ya Shabunda ni mbaya, na mgonjwa hawezi sikuzote kumfuata daktari Bukavu. Heri daktari atoke kwetu, arudi kwetu.